Mashimo Matano, Kisima Kimoja

Mwezi wa Machi 2020 nilikuwa na vitalu vinne nyuma ya nyumba ya mamangu, hapa Malindi, upande wa Barani. Kimoja cha rukola, kimoja cha rihani ya Kitaliano, kimoja cha saladi, kimoja cha zukini. Asubuhi tatu kwa wiki nilikuwa navuna kabla jua halijapanda, nazifunga mboga kwa kitambaa kibichi, na kijana wa tuktuk anazifikisha hotelini. Aliyeishi Malindi anajua Mtaliano na majani yake juu ya piza. Mpishi alikuwa akilipa vizuri, tena kwa wakati, na mimi nilikuwa najiona nimefika. Majirani zangu walikuwa na mchicha tu. Mimi nina mazao manne, nikawa najiambia, likifa moja, matatu yatanibeba.

Tarehe 13 ya mwezi huo ikatangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Wiki ya pili ya Aprili, Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Hoteli yangu ilikuwa imeshafunga lango, na mpishi amerudi kwao.

Nilijitwika beseni la rukola hadi sokoni. Mama mmoja muuza mboga alitafuna jani moja, akalitema kando. "Mwanangu, hii ni dawa ya nini?" Aliniuliza kwa upole, alitaka kweli kunisaidia kuiuza. Rihani niliwapelekea wanawake wanaofunga vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba wanawake, wakainusa wakasema siyo, harufu yake si ile wanayoitaka, na hata ingekuwa ndiyo, harusi zenyewe zilikuwa zimezuiwa. Saladi ilinyauka. Zukini peke yake zilipona, kwa kuwa zinafanana na mumunye. Watu walizipika kwa nazi, wakarudi kuuliza kama zingaliko.

Mazao yangu manne yalikuwa na mdomo mmoja wa kuyala. Ulipofungwa, yote yalikosa mnunuzi siku moja.

Jambo hilo ndilo ninalolifundisha hadi leo. Lakini ilinichukua muda kujua namna ya kulifundisha, na mwanzo nililifundisha vibaya sana.

Mwaka 2022 niliombwa kukaa na kikundi cha wakulima wa mjini, wengi wao akina mama wa Maweni na Kisumu Ndogo. Ni watu wenye magunia ya sukuma wiki uani, kuku sita au kumi, na baadhi yao wana vipande vya ardhi vya kuazima kati ya nyumba na nyumba. Mradi mmoja ulinipa semina ya siku mbili na kijitabu. Kijitabu kiliyagawa mambo yanayoweza kumharibia mkulima mafungu matano: ya shambani kama wadudu na ukame, ya bei na soko, ya fedha na madeni, ya sheria na maagizo ya serikali, na ya mtu mwenyewe, yaani maradhi, kifo, ugomvi wa nyumbani. Mgawanyo huo ni mzuri na walimu wa kilimo kwingi duniani wanautumia. Kosa langu ni kuuandika ubaoni kama ulivyo na kutaka watu waushike.

Neno lenyewe tu lilinishinda. Kijitabu kilisema "vihatarishi". Hakuna aliyelijua. Nikasema "hatari", wakanitajia nyoka, nyaya za stima na bodaboda. Nikasema "hasara", mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, akanisahihisha: "Hasara ni ikishafika, mwalimu. Wewe wazungumzia kitu ambacho bado." Nikajaribu "bahati mbaya", nikaharibu zaidi. Mama mmoja alikunja uso waziwazi. "Mbona watutabiria mabaya? Mtu akipanda huomba heri."

Sikumwona mjinga, na nawaomba walimu wenzangu wasimwone hivyo. Mtu anayeamka hajui chakula cha mchana kitatoka wapi ameshafikiria mabaya ya kutosha. Ukija na chaki umpangie mengine matano, atakaa kimya kwa adabu, anywe soda yako, aende zake. Ndivyo walivyofanya mikutano miwili.

Aliyenitoa kwenye matope ni mzee yule yule. Mkutano wa tatu alimgeukia yule mama akamwambia, "Binti yangu, Mtume alimwambia bedui amfunge ngamia kwanza, kisha ndiyo amtegemee Mungu. Huyu mwalimu atuambia tufunge ngamia." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, acha maneno ya vitabu. Sisi tukitaka kushua chombo tulikuwa tunaulizana: likitokea, je? Upepo ukigeuka, je? Tanga likipasuka, je? Maji ya kunywa yakimwagika, je? Basi. Hakuna aliyeona twajiombea balaa."

Tangu siku hiyo somo letu linaitwa "likitokea". Hata watoto wa mtaani wanaliita hivyo: leo mama yuko kwenye likitokea.

Nikaacha ubao. Tulikaa chini ya mwarobaini, nikachimba mashimo mchangani kama watoto wanaotaka kucheza bao na bao hawana. Kila mtu nilimpa komwe ishirini, zile mbegu ngumu za kuchezea bao. Mashimo matano mbele ya kila mtu: mchicha, sukuma wiki, tungule, mabenda, kuku. Komwe ni pesa yako, maji yako na nguvu zako za msimu mmoja, zigawe unavyotaka. Kwenye kopo niliweka vikaratasi vilivyokunjwa, na kila kimoja kina likitokea lake. Kikivutwa, kila shimo linaloguswa na jambo hilo linamwagwa. Baada ya vikaratasi vitatu tunaangalia nani amebakiwa na mbegu ya kupanda msimu unaofuata.

Kikaratasi cha kwanza kilikuwa kideri, maradhi yanayoua kuku. Wote waliopenda kuku waliumia, na kulikuwa na kelele, maana kideri wanakijua. Mzee wetu alicheka. Yeye alikuwa amegawa komwe zake sawasawa, nne nne, shimo kwa shimo, na alipoteza nne tu. "Mnaona," akasema, "mvuvi hatupi nyavu zote mahali pamoja."

Kikaratasi cha pili: kisima kimekuwa cha chumvi.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu maji yetu. Mji huu uko juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Maji matamu ya visima vyetu yanakaa juu ya maji ya chumvi yanayotoka upande wa bahari, kwa sababu matamu ni mepesi. Ukiyavuta polepole, na mvua ikawa inayarudishia, yanadumu. Ukiyavuta kwa pampu kutwa nzima wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mvua hakuna, chumvi inapanda. Hupati onyo kubwa. Maharagwe ndiyo huanza, kingo za majani zinaungua kama zimepitishwa motoni. Vitunguu vinadumaa. Tungule zinachelewa kidogo lakini nazo zinapungua matunda. Spinachi na mchicha huvumilia zaidi, ingawa nao una mwisho wao. Maji ya bomba yanatoka Baricho, mtoni Sabaki, na yakikatika kila mtu anakimbilia kisima hicho hicho, au ananunua dumu kwa mwenye mkokoteni kwa bei ambayo mboga haiwezi kuilipa.

Basi nikamuuliza mzee, "Baba, tungule zako zanywa wapi?" Kisimani. Mabenda? Kisimani. Sukuma wiki? Akanyamaza. Aliyatazama mashimo yake muda mrefu. Kisha yeye mwenyewe, bila mimi kumwambia, akamwaga moja, akamwaga la pili, akamwaga la tatu. La mchicha alimwaga nusu. "Mashimo matano," akasema, "kumbe kisima kimoja."

Sikuwa na la kuongeza. Niliwasimulia habari ya rukola yangu, nao wakaielewa kabla sijaimaliza. Usihesabu mazao yako kwa majina, hesabu kwa kinachoweza kuyaua. Mazao manne yanayokwenda hoteli moja ni zao moja. Mboga tano zinazonyweshwa kisima kimoja ni mboga moja. Kuku, mbuzi na sukuma wiki vinavyotunzwa na mtu mmoja, ambaye akilazwa hospitali hakuna wa kuvishika, navyo vina shimo moja. Hilo la mwisho lilisemwa na mama mwenye kisukari, na nilijilaumu kwa kutolitaja mimi. Kwenye kijitabu lilikuwa fungu la tano, la mwishoni kabisa, na nilikuwa nimelipita mbio.

Kikaratasi cha tatu kilikuwa mafuriko. Tulicheza mchezo huu mara nyingi, na uliochezwa mwishoni mwa 2023, wakati mvua za El Nino zilipoujaza Sabaki ukapanda kingo zake, haukuwa mchezo kwa wenye ndugu huko mtoni. Lakini siku ile ya kwanza, kikaratasi cha tatu kilipofunguliwa, karibu kila mtu alibaki na komwe mbili, tatu, au mikono mitupu. Isipokuwa mmoja.

Ni bibi mmoja mfupi, mkimya, ambaye sikumbuki kama alikuwa amesema neno tangu tuanze. Alifungua pindo la leso yake, akatoa komwe tano.

Makelele yakazuka. "Umeiba! Mwalimu, hakuziweka shimoni!" Akasubiri watulie. "Mwalimu alisema tuzigawe tutakavyo. Hizi si za shamba. Hizi ni za siku ambayo shamba halipo."

Nilikuwa nimesoma semina nzima kuhusu akiba na sikuwahi kuisikia ikisemwa hivyo. Kila mwanamke pale alikuwa na pindo la leso lenye shilingi zake. Hakuna aliyekuwa anaihesabu pesa hiyo kama sehemu ya kilimo, mimi ndiye wa kwanza kutoihesabu. Nilipokuwa na pesa ya hoteli niliizika yote kwenye mabomba ya maji na mbegu za nje. Mkutano ule niliondoka nikiwa nimefundishwa.

Kutoka pindo lile ndipo ulipoanza mfuko wetu. Bima ya mazao ipo nchini, lakini sijaona wakala akija kumwandikia mtu bima ya magunia ishirini uani. Kwa hiyo kila mmoja hutoa shilingi hamsini kwa wiki, na mfuko una kitu kimoja tu cha kufanya: likitokea mojawapo ya yale tuliyoyaandika, mtu apate mbegu, miche, vifaranga au mikono ya kumlimia ndani ya siku tatu. Si pesa taslimu. Jambo hilo tuligombana sana. Mwanachama mmoja aliomba mkopo wa karo, na mtoto wake kweli alikuwa amerudishwa nyumbani. Tulikataa. Tulichanga mifukoni mwetu, kila mtu alichokuwa nacho, lakini mfuko hatukuugusa. Alilia, na miezi miwili hakuja mkutanoni. Bado naamini tulifanya sawa, na bado inaniuma. Mwenye kufundisha mambo haya ajue kwamba siku moja atalazimika kumwambia hapana mtu anayempenda, tena mbele za watu.

Kideri kilitufundisha jambo jingine ambalo mashimo hayakuweza kulionyesha. Chanjo yake ni rahisi, tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Shida ni chupa. Chupa tunayoipata dukani ni ya kuku mia moja, inataka kubebwa na barafu, na ukishaichanganya haiwekwi hadi kesho. Mama mwenye kuku wanane atainunua ya nini? Anaona afadhali kubahatisha. Na jirani yake wa kuku kumi naye anabahatisha, na kuku wao wanachakura jalala moja. Hapo hata mmoja akichanja peke yake, maradhi yanaendelea kuzunguka mtaani.

Tulichofanya ni kuhesabu kuku wa mtaa mzima, wakiwemo wa watu ambao si wa kikundi. Tukanunua chupa kwa kuchanga, kila mtu kwa idadi ya kuku wake. Tukapita alfajiri, chupa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, kabla kuku hawajafunguliwa, kwa sababu kuku wa uswahilini akishatoka humkamati tena hadi magharibi. Mara ya kwanza tulikosea: tulichanja kundi ambalo tayari lilikuwa na kuku anayezubaa, shingo imepinda. Walikufa wengi, na lawama zilikuja kwetu, kwamba dawa ndiyo iliyowaua. Chanjo haimtibu kuku aliyekwisha kuambukizwa, na hata mzima inamchukua kama wiki mbili kujenga kinga. Tulipaswa kusema hivyo kabla, nyumba kwa nyumba, na hatukusema. Mwaka mzima ulipita kabla nyumba zile hazijatufungulia mlango tena.

Sasa ardhi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa mkulima wa mjini, na ndilo watu wanaloona haya kulizungumza.

Viwanja vingi tunavyolima ni vya watu walio mbali, Mombasa, Nairobi au Arabuni. Unapewa kwa mdomo: "Lima tu, unaniangalizia." Ni wema, na ni kweli, kwa maana shamba linamwekea kiwanja safi na kumkingia wavamizi. Lakini mdomo ule hauna tarehe. Mwenzetu mmoja alipanda mipapai kwenye kiwanja cha namna hiyo. Ilikuwa mipapai kumi na mbili, ndiyo imeanza kubeba. Mwenyewe alipopigiwa simu na jirani kuambiwa kuna miti, alifika ndani ya wiki moja, na kiwanja kikachukuliwa.

Mimi niliona ni ukatili. Wazee walinielewesha. Pwani hii, tangu zamani, mti ni mali peke yake, mbali na ardhi iliyousimamisha. Mtu anaweza kumiliki mnazi kwenye ardhi ya mwingine. Kwa hiyo anayepanda mti wa kudumu anaonekana anadai, hata kama yeye anawaza matunda tu. Mwenye ardhi alichokiona ni mashahidi kumi na wawili waliosimama kumshuhudia mwingine. Maarifa hayo hayakuwa kwenye kijitabu changu, na bila hayo somo la ardhi ni bure hapa kwetu.

Siku hizi tunasema hivi: kiwanja cha kuazima kinapandwa kitu kinachoweza kuhama au kinachokwisha haraka. Mchicha wa wiki tatu nne. Kunde za majani. Magunia, ndoo mbovu, matairi, vitu vinavyopanda mkokoteni. Na karatasi. Kwa sheria za Kenya, mkataba wa haki ya ardhi usiotiwa saini na kushuhudiwa ni vigumu kuusimamisha mahakamani, lakini sisi hatuandiki kwa ajili ya mahakama hasa. Tunaandika ili swali liulizwe siku ya amani. Ukiuza, mimi napata siku ngapi za kuvuna? Mwenye kiwanja akijibu sitini, mbele ya mzee wa mtaa, wote wawili wanaondoka wakiwa wepesi. Ni sentensi moja tu, na nimeona watu wakizunguka mwaka mzima wakiogopa kuiuliza.

Kwenye karatasi hiyo hiyo tunauliza pia kiwanja kilikuwa nini zamani. Gereji? Jalala? Palipochomwa betri? Yaliyowafika watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri ikiingia kwenye udongo na damu za watoto, tunayajua. Mahali pa namna hiyo hatupandi kitu chini, hata tupewe bure.

Mwaka jana kiwanja cha kikundi kiliuzwa. Mwenyewe alipiga simu, akasoma karatasi yake, akasema, "Nawapa siku zenu sitini." Hakuna aliyelia. Mchicha ulivunwa mara mbili ndani ya muda huo. Siku ya hamsini na kitu tukaanza kupakia magunia kwenye mikokoteni, safari baada ya safari, sukuma wiki zikiyumba juu kama abiria, hadi kiwanja kingine tulichopewa nyuma ya madrasa.

Vijana wakawa wanashusha. Mimi nahesabu magunia. Nikamtafuta bibi yetu wa komwe tano nimuonyeshe mahali pake, simuoni. Alikuwa amepita moja kwa moja hadi kisimani na kikombe chake cha bati. Alimwomba mtoto wa madrasa amvutie maji. Akaonja, akatema, akaonja tena.

"Baba," akamwambia yule mtoto, "kaskazi ikivuma, haya huwaje?"